Kufundisha Sanaa ya Nuru na Ukungu: Mafunzo Tuliyoyapata Mtendeni

Somo la sanaa katika shule zetu za msingi aghalabu huanzia kwenye kitu kinachoshikika. Mtoto hupewa udongo akafinyanga chungu, hupewa ukili akasuka mkeka, au hupewa karatasi na rangi akachora nyumba yao. Njia hii ni nzuri, na hatukusudii kuibeza. Lakini iko sanaa nyingine, ambayo mwenye kuitengeneza hawezi kuibeba kwapani wala kuitundika ukutani. Ni sanaa ya nuru na ukungu, inayowekwa mahali pa wazi ili kila apitaye aione. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi somo la sanaa hiyo linavyoweza kufundishwa kwa zana zinazopatikana katika mazingira yetu, makosa tuliyoyafanya sisi wenyewe tulipolifundisha pamoja na wanachuo wetu katika shule moja ya mazoezi huko Mtendeni, Tabora, na jambo moja kubwa tulilojifunza: kwamba mwalimu hana budi kufundisha habari ya ardhi kabla ya kufundisha habari ya ukungu.

Kosa letu la kwanza

Siku ya kwanza tulianza kwa picha. Tulitundika ubaoni picha kubwa ya bustani moja ya Japani, ambamo ukungu mweupe umetanda kati ya miti na vilima vya nyasi, na watoto wanakimbia ndani yake. Tulitarajia wanafunzi wetu washangae, kisha waulize maswali. Walinyamaza kwa muda. Ndipo mmoja aliponyosha mkono akasema, "Mwalimu, msitu unaungua." Mwingine akaongeza, "Mbona watoto hawakimbii kutoka?"

Wanachuo wetu walicheka, nasi tuliwakanya. Mtoto huyo hakukosea hata kidogo. Katika mkoa wenye miombo kama huu wetu, weupe unaopanda kati ya miti wakati wa kiangazi una maana moja tu, nayo ni moto. Amekwisha kuwaona wazazi wake wakikata matawi mabichi na kukimbilia shambani kuuzima. Aliitazama picha yetu kwa macho yaliyofunzwa na maisha yake mwenyewe. Kosa lilikuwa la mwalimu, aliyemletea jibu kabla ya kumwuliza anajua nini. Tuliiteremsha picha ile, tukaanza upya siku iliyofuata. Hatua tunazozieleza hapa ndizo zilizotokana na kuanza upya huko.

Hatua ya kwanza: kuona nuru

Madhumuni ya hatua hii ni mwanafunzi agundue mwenyewe kwamba mwali wa nuru hauonekani kwa ubavu mpaka uguse kitu.

Chagua chumba chenye dirisha upande wa jua. Ziba dirisha kwa gunia au maboksi, ukiacha tundu moja lenye upana wa kidole. Waulize wanafunzi wanaona nini. Watakuonyesha doa la nuru sakafuni. Waulize tena: je, kati ya tundu na sakafu mnaona nini? Kama hewa ni safi, wengi watajibu kwamba hawaoni kitu. Sasa mwanachuo mmoja akung'ute polepole kitambaa cha kufutia ubao. Mara mwali mzima utajitokeza, kama ufito uliosimamishwa hewani. Usiseme neno. Waache watazame mpaka vumbi litue na mwali upotee, kisha rudia.

Maelezo yaje baadaye, tena kwa ufupi. Chembe za chaki zinaipokea nuru na kuitawanya kila upande, na sehemu ya nuru hiyo hufika machoni petu. Hapana chembe, hapana mwali wa kuonekana.

Zoezi la pili lifanyike nje, chini ya mwembe. Tabora hatupungukiwi na miembe, na mingi husemwa kuwa ilipandwa enzi za misafara iliyopita hapa kwenda Ujiji na kurudi pwani. Waelekeze wanafunzi watazame madoa ya jua yaliyo chini ya kivuli. Mianya kati ya majani ina maumbo ya kila namna, lakini madoa mengi ni mviringo. Kwa nini? Kwa sababu kila mwanya mdogo unachora ardhini sura ya jua lenyewe. Mtoto aliyecheza chini ya mwembe miaka yote asilione jambo hili, akiliona leo, amekwisha kuingia katika somo letu.

Tahadhari: wanafunzi waonywe mwanzo na mwisho wa kipindi kwamba ni mwiko kulitazama jua lenyewe, hata kupitia majani au karatasi.

Hatua ya pili: kutenganisha ukungu na moshi

Hapa ndipo tulipolijibu swali la yule mtoto wa siku ya kwanza. Tulichemsha maji katika birika nje ya darasa, wanafunzi wakiwa wamesimama mbali, na mwanachuo mmoja akisimamia moto. Tuliwataka watazame mdomo wa birika kwa makini. Hapo mdomoni penyewe kuna nafasi ndogo isiyo na weupe wowote, na weupe huanza mbele kidogo. Nafasi ile tupu ndiyo mvuke wenyewe, ambao hauonekani. Weupe ni matone madogo sana ya maji, yaliyofanyika baada ya mvuke kukutana na hewa baridi. Ukungu wa asubuhi nao ni matone ya namna hiyo hiyo.

Kisha tuliwasha majani makavu kidogo kando, wakatazama moshi. Tuliwaagiza waandike tofauti wanazoziona. Waliandika kwamba moshi unanuka na kuwasha macho. Kwamba unaacha weusi kwenye sufuria. Kwamba moshi mwembamba, ukiutazama mbele ya kitu cheusi, una rangi ya samawati kidogo, ilhali ukungu ni mweupe. Jambo hili la mwisho ni la thamani kubwa. Chembe za moshi mwembamba ni ndogo mno, hivyo huitawanya nuru ya samawati zaidi ya nuru nyekundu. Matone ya ukungu ni makubwa kuliko chembe hizo, nayo huzitawanya rangi zote karibu sawasawa, ndiyo maana tunaona weupe.

Mwisho tulikipatia kila kikundi chupa ya kupulizia maji, yenye nusu lita na si zaidi. Wasimame wakilipa jua mgongo, asubuhi au alasiri, wapulizie mbele yao. Upinde wa mvua utatokea. Waulize: mbona kila mmoja anauona mahali pake? Waambie wahesabu pia ni muda gani matone yanakaa hewani kabla ya kutoweka. Zoezi hili likifanywa mwezi Septemba, hewa ikiwa kavu, matone hutoweka upesi mno. Likirudiwa wakati wa mvua, hukawia. Hivyo mwanafunzi anajifunza kwamba mwenye kutaka kuchora kwa ukungu hana budi kwanza kuuliza hali ya hewa.

Hatua ya tatu: habari ya ardhi

Hatua hii ndiyo tuliyoiruka siku ya kwanza, nayo ndiyo uti wa mgongo wa somo. Sanaa ya nuru na ukungu haiwekwi popote tu. Mara nyingi huwekwa mahali palipokuwa pamepotea: machimbo yaliyoachwa, kiwanda kilichofungwa, ardhi iliyokuwa ya jeshi. Mwanafunzi asipojua mahali hapo palikuwaje, ukungu utakuwa kwake kiini macho tu.

Tulianza na mfano wa Afrika Mashariki. Huko Bamburi, karibu na Mombasa, kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe kwa miaka mingi, kikaacha ardhi tupu, nyeupe, yenye joto kali na maji ya chumvichumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kazi ya kuirudishia uhai. Aina 26 za miti zilijaribiwa na ni tatu tu zilizostahimili, mvinje ukiwa bora kuliko yote. Lakini majani makavu ya mvinje yalirundikana chini bila kuoza. Ndipo wakaletwa majongoo, ambao waliyala majani hayo na kuyageuza kuwa mboji. Juu ya mboji hiyo mimea mingine ikashika mizizi, ndege na wanyama wakafuata. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park, na watu huenda kutembea.

Watoto walimpenda sana jongoo. Mmoja alisema, "Kumbe jongoo ni fundi!" Nasi tuliona kwamba wamekwisha kushika jambo la msingi, yaani ardhi iliyoharibika haiponi kwa amri. Huponywa na mtu mwenye kujaribu, kukosea na kujaribu tena.

Bamburi hapana sanaa ya ukungu. Kwa nusu ya pili ya somo tulirudi Japani, kwenye picha ile ile, ila sasa tuliisimulia kwanza. Huko Tachikawa, magharibi ya Tokyo, palikuwa na uwanja wa ndege wa jeshi tangu mwaka 1922. Baada ya vita kwisha mwaka 1945 uliingia mikononi mwa jeshi la Marekani. Ulipotakiwa kupanuliwa, wakulima wa Sunagawa, kijiji cha jirani, walikataa kuyatoa mashamba yao, na kuanzia mwaka 1955 wakapinga kwa miaka mingi pamoja na wafanyakazi na wanafunzi waliowaunga mkono. Upanuzi ule haukutimia. Mwaka 1977 ardhi ya uwanja ilirudishwa kwa Japani, na mwaka 1983 sehemu yake ilifunguliwa kuwa bustani ya taifa iitwayo Showa Kinen. Mahali palipotua ndege za vita sasa pana miti na nyasi.

Hapo tuliwaonyesha wanafunzi kwamba neno "kurudisha ardhi" lina maana mbili. Kuna kuirudishia ardhi uhai, kama Bamburi. Na kuna kuirudisha kwa watu, kama Tachikawa. Tukawauliza ni maana ipi iliyo ngumu zaidi kuitimiza. Mjadala uliendelea mpaka kengele ikagonga.

Hatua ya nne: kuisoma kazi ya sanaa

Ndipo tulipoitundika tena picha ya siku ya kwanza. Mara hii hakuna aliyesema moto.

Tuliwaeleza kwamba mwaka 1992, katika sehemu ya watoto ya bustani hiyo, msanii Fujiko Nakaya aliweka kazi inayojulikana kama Msitu wa Ukungu. Nakaya alizaliwa Sapporo mwaka 1933. Baba yake, Ukichiro Nakaya, alikuwa mwanafizikia aliyefanikiwa mwaka 1936 kutengeneza chembe ya theluji ndani ya maabara. Binti alichukua ukungu kama baba alivyochukua theluji. Mwaka 1970, katika maonyesho ya kimataifa ya Osaka, alilifunika jengo zima kwa ukungu, kwa msaada wa Thomas Mee, mtaalamu kutoka Marekani.

Ukungu wake ni maji safi matupu, wala haumo moshi wala dawa. Pampu husukuma maji kwa nguvu nyingi kupitia matundu membamba mno, nayo hutoka kama matone madogo kuliko upana wa unywele. Kabla ya kuweka mabomba, Nakaya huchunguza upepo wa mahali hapo, joto na unyevu wa hewa. Huko Tachikawa vilima vya nyasi na miti husaidia kuushika ukungu usitawanyike mara moja. Hivyo anayeamua umbo la kazi si msanii peke yake. Upepo, jua na ardhi vina sauti, na watoto wanaokimbia ndani yake nao wana sauti.

Kwa wanafunzi wa madarasa ya juu twaweza kuongeza mfano wa pili, ambao nuru yake ilitokana na taa. Huko London, kituo cha umeme cha Bankside kilichofungwa mwaka 1981 kiligeuzwa kuwa nyumba ya sanaa, Tate Modern, iliyofunguliwa mwaka 2000. Mwaka 2003 msanii Olafur Eliasson aliweka ndani ya ukumbi wake mkubwa kitu mfano wa jua, akajaza ukungu mwepesi, na juu akatandaza vioo. Taa zake zilitoa nuru ya manjano peke yake, hata rangi nyingine zote zikapotea. Watu walilala chali sakafuni wakijitazama darini. Mwulize mwanafunzi: kwa nini nguo ya samawati haiwi samawati chini ya taa hiyo? Jibu liko katika somo la sayansi, lakini swali limezaliwa katika somo la sanaa.

Swali ambalo mwalimu asilikwepe

Msichana mmoja wa darasa la sita alisimama akauliza, "Mwalimu, hayo maji wanayoyarusha hewani, hapa kwetu tungeyapata wapi?"

Mwanachuo aliyekuwa akifundisha alitaka kuendelea na somo. Tulimsimamisha. Hakuna swali lililotustahili zaidi ya hilo. Hapa kwetu mvua hukoma mwezi Aprili au Mei na haionekani tena mpaka karibu Novemba. Ingawa maji ya Ziwa Victoria yamefikishwa Tabora kwa bomba, hakuna mama asiyekumbuka ndoo na foleni. Je, ni haki kuyatumia maji kwa ajili ya kutazamwa tu?

Tuliligawa darasa mara mbili. Upande mmoja ulisema maji ni ya kunywa, kupikia na kumwagilia, urembo ungoje. Upande wa pili ulisema kwamba hata maua ya mbele ya ofisi humwagiliwa, wala hakuna anayelalamika. Na kwamba mtu haishi kwa kunywa tu. Mvulana mmoja akasema neno lililotupeleka kwenye hatua ya mwisho: "Mbona ukungu wa bure upo? Asubuhi ukipita kwenye shimo, umejaa."

Hatua ya tano: kazi ya wanafunzi wenyewe

Shimo alilolitaja liko nyuma ya uwanja wa shule. Udongo wake ulichukuliwa kufyatulia matofali miaka iliyopita, na waliochukua hawakurudi kulifukia. Wakati wa masika lilijaa maji ya kutisha. Wakati wa kiangazi lilijaa taka. Wazazi waliwakataza watoto kulikaribia, nao walikuwa na haki.

Kwa idhini ya uongozi wa shule na msaada wa wazazi, kingo za shimo zilichongwa zikawa mteremko mwepesi, na mfereji ukachimbwa ili maji yasituame. Taka ziliondolewa na watu wazima. Wanafunzi walipanda nyasi na miche ya miti kuzunguka ukingo. Kazi hii ilichukua muda mrefu kuliko masomo yote ya awali, nasi hatukuona kwamba ni muda uliopotea. Hiyo ndiyo iliyokuwa Bamburi yao.

Kisha wakaanza uchunguzi. Kila kikundi kilisimamisha fito zenye vipande vya kanga kuukuu, kikaandika kila asubuhi upepo unatoka wapi na ukungu umekaa wapi. Waligundua kwamba ukungu hutokea zaidi baada ya usiku mtulivu usio na mawingu, siku moja baada ya mvua, na kwamba hukaa chini shimoni kuliko uwanjani. Sababu yake ni kwamba hewa baridi ni nzito, nayo huteremka ikakusanyika mahali pa chini. Shimo lile lililochukiwa lilikuwa likikusanya ukungu miaka yote bila pampu.

Upande wa mashariki wa shimo walijenga wigo wa fito na nyasi, wakaacha mianya myembamba iliyosimama. Walikusudia jua la asubuhi lipenye mianya hiyo na kuchora miali ndani ya ukungu, kama tundu la dirisha lilivyochora mwali katika vumbi la chaki.

Asubuhi ya kwanza waliyowaalika wazazi, ukungu haukuja. Asubuhi ya pili ulikuja, lakini mawingu yakalificha jua. Baadhi ya wanachuo walishauri tuwashe majani mabichi ili moshi uchukue nafasi ya ukungu, wageni wasirudi bure. Wanafunzi walikataa. Walisema huo ungekuwa uongo.

Asubuhi ya tatu wazazi waliofika walikuwa wachache. Jua lilipopanda juu ya wigo, miali kumi na moja ilishuka shimoni, kila mmoja ukisimama peke yake ndani ya weupe. Haikudumu hata nusu saa. Bibi mmoja wa jirani, aliyekuwa akielekea sokoni, aliitua ndoo yake akasimama mpaka mwisho. Kisha akawaambia watoto, "Wajukuu zangu, hapa nilikuwa napita mbio."

Tathmini

Katika kupima somo hili mwalimu asitafute mchoro mzuri tu. Amwulize mwanafunzi maswali manne. Je, anaweza kueleza kwa nini mwali huonekana katika ukungu? Je, anaweza kutofautisha ukungu na moshi kwa kuona, wala si kwa kukariri? Je, anaweza kusimulia ardhi ya mahali pa sanaa ilikuwaje kabla? Na je, ana maoni yake kuhusu matumizi ya maji, na sababu zake? Mwanafunzi anayejibu manne haya amefunzwa sanaa, sayansi, historia na uraia kwa pamoja.

Ndugu walimu, huenda shule yako haina picha kutoka Japani wala chupa za kupulizia maji. Usiache somo kwa sababu hiyo. Kila shule ina dirisha, ina vumbi la chaki, na kwa bahati mbaya nyingi zina shimo. Anza na hayo. Na mtoto akikuambia kwamba msitu unaungua, usimcheke. Mwulize amewahi kuuona wapi ukiungua, kisha somo lako lianzie hapo.